Mombasa: Kila Jambo na Mlango Wake

Waandishi wengi wanaosimulia habari za Mombasa huanza kwa bahari na minazi, wakamaliza kwa biriani na halua. Mambo hayo ni mazuri, wala siyakatai. Lakini mimi ni karani, na kazi ya karani ni kupokea barua za watu na kuzifikisha zinakotakiwa kufika. Katika miaka niliyokaa mezani nimeona jambo moja ambalo msafiri wa siku mbili hawezi kuliona. Wakazi wa kisiwa hiki huandika malalamiko yao kwa adabu na kwa hoja nzuri, kisha barua nyingi hupelekwa kwenye mlango usio wake. Mmoja humwandikia mbunge juu ya taa ya uchochoroni. Mwingine huwaandikia watu wa makumbusho juu ya taka. Wa tatu huiandikia kaunti juu ya reli. Barua huzunguka ofisi kwa ofisi, hupigwa mihuri, na mwisho wake hulala kabatini. Hapo mwenye kuandika husema, "Serikali haisikii." Pengine ni kweli haisikii, lakini pengine aliyeambiwa siye mwenye jambo lile.

Kwa sababu hiyo nimeona yafaa niwachukue wasomaji katika matembezi ya siku moja, kwa miguu, tangu Mji wa Kale hata Likoni, na kila tufikapo tuulize swali moja tu: jambo hili ni la nani? Msomaji aliyeko shambani Taita au ofisini Nakuru asidhani kwamba habari hizi hazimhusu, maana kwake pia kuna maji, soko na njia, na vyote hivyo vina wenyewe. Tutachukua mfukoni karatasi moja, nayo ni Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010. Jedwali hilo ndilo linalogawa kazi kati ya serikali ya taifa na serikali za kaunti. Si refu. Mtu aweza kulisoma lote huku akingoja chai yake ipoe.

Na tuanze kwenye ngome. Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, kwa ramani ya fundi wa Kitaliani aitwaye Giovanni Battista Cairati, nao wakaimaliza mwaka wa 1596. Waomani waliizingira tangu Machi 1696 hata Desemba 1698, ndipo wakaiingia. Waingereza waliifanya gereza tangu mwaka wa 1895 mpaka 1958, na mwaka wa 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Bendera nyekundu ya Sultani wa Unguja ilipepea juu yake hata mwaka wa 1963, kwa kuwa ukanda wa pwani wa maili kumi ulihesabiwa kuwa nchi ya Sultani iliyo chini ya ulinzi wa Waingereza. Mapatano ya kuuunganisha ukanda huo na Kenya yalitiwa sahihi tarehe 8 Oktoba 1963, na Uhuru ukaja tarehe 12 Desemba mwaka huo huo. Mwaka wa 2011 ngome ikaandikwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Je, ngome ni ya nani? Jedwali linajibu bila kusita: majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa ni kazi ya serikali ya taifa, na wanaoitunza ngome ni Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Basi fedha anayolipa mgeni langoni haiingii katika mfuko wa kaunti. Lakini toka nje ya lango hatua kumi tu. Ukiona taka zimelundikana, au mfereji wa maji ya mvua umeziba, au magari yameegeshwa ovyo, hayo yote ni kazi ya kaunti. Kati ya serikali hizo mbili hapo pana unene wa ukuta tu, na mtu asiyejua hilo atamlaumu mlinzi wa ngome kwa kosa la mwenye gari la taka.

Tena yafaa tukumbuke kwamba ngome hiyo, kwa ukubwa wake wote, haikuwa mahali pa wenyeji kuamulia mambo yao. Ilikuwa mahali pa aliyeshika bunduki. Wenyeji walikuwa na utaratibu wao, nao uliitwa Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili. Matatu kati yake ndiyo Thelatha Taifa: Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Yaliyobaki ni Tisa Taifa, ambamo walikuwamo Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa na wengineo. Kila upande ulikuwa na mkubwa wake aliyeitwa tamimu, na mtawala yeyote, awe Mmazrui au liwali wa Sultani, hakuweza kuutawala mji kwa amani asiposema na watu hao. Alama zao hazijafutika. Kaunti ya Mombasa ina majimbo sita ya uchaguzi, nayo ni Mvita, Changamwe, Jomvu, Likoni, Kisauni na Nyali. Matatu ya kwanza yana majina ya mataifa hayo, na bandari kubwa ina jina la Kilindini. Twaona basi kwamba siasa ya mitaa haikuletwa Mombasa na meli. Ilikuwapo.

Tukiiacha ngome tunaingia barabara ya Mbarak Hinawy. Zamani ilikuwa na jina la Vasco da Gama, na sasa ina jina la liwali mwenyeji wa pwani aliyeandika pia kitabu cha historia ya ngome hiyo. Njia hiyo yatupitisha karibu na Msikiti wa Mandhry, wenye mnara mweupe, ambao husemwa ulijengwa mwaka wa 1570, yaani kabla ya ngome. Mbele kidogo ni uwanja wa forodha ya kale, ambapo majahazi yalishusha tende, mazulia na samaki wakavu wakati wa kaskazi, yakapakia boriti na nafaka na kurudi kwa kusi. Mwanzoni mwa karne ya 20 palikuwa na vigari vidogo vilivyopita juu ya reli nyembamba, vikisukumwa na watu kwa mikono, ambavyo viliwachukua wakubwa kutoka mji huu wa kale kwenda Kilindini. Reli ya kwenda Uganda ilianza kujengwa mwaka wa 1896, ikafika ziwani mwaka wa 1901. Makao makuu ya serikali yakahamia Nairobi mwaka wa 1905, na meli kubwa zikahamia Kilindini. Mji wa Kale ukabaki na majahazi machache na watu wake.

Sasa tupinde katika Ndia Kuu. Asiyejua Kimvita asidhani kwamba neno hilo limeandikwa kwa makosa. Njia kwa lafudhi ya Mvita ni ndia. Hapa nyumba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti. Zina milango ya nakshi na roshani za mbao zinazokaribia kugusana juu ya kichwa cha mpita njia. Mbele ya nyumba nyingi pana kiti kirefu cha mawe kilichoshikana na ukuta. Kiti hicho huitwa baraza, nalo neno hilo hilo ndilo tulilolipa kusanyiko la wazee na mkutano wa madiwani. Neno hilo halikupata maana mbili kwa bahati tu. Mambo ya mtaa yalisemwa hapo kwenye mawe, jioni, kwa kahawa chungu na kashata, kabla hayajafika kwa mkubwa yeyote. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mtu wa mji huu aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alipoanzisha gazeti lake la Al-Islah mwaka wa 1932, aliyachukua mambo ya barazani akayapiga chapa. Aliwahimiza watu wa pwani juu ya elimu na mali zao, tena alitaja wazi nani apaswa kufanya nini.

Nyumba hizi ni za nani? Hapa jibu lina matawi. Nyumba nyingine ni mali ya watu na jamaa zao, na nyingine ni wakfu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mji wa Kale uliwekwa chini ya sheria kuwa eneo la kuhifadhiwa, kwa hiyo mwenye nyumba hawezi kubomoa wala kubadilisha sura ya jengo kama apendavyo, na watu wa makumbusho wana neno katika ruhusa yake. Idhini ya ujenzi hutolewa na kaunti. Mwenye nyumba, kwa upande wake, aona kwamba chokaa, boriti na fundi wa nakshi vyamgharimu kuliko matofali ya saruji. Wahenga walisema, nahodha wengi, chombo huenda mrama. Mmoja angoja ruhusa, mwingine angoja ramani, wa tatu angoja fedha, na wakati wote huo mvua ya masika haimngoji mtu. Ukuta ulioshiba maji huangukia njiani, nako njiani ndiko wanakopita watoto wa chuoni.

Mwaka wa 2018 serikali ya kaunti iliamuru majengo ya katikati ya jiji yapakwe rangi nyeupe na buluu. Wako waliosifu, wako walionung'unika. Mimi sina ugomvi na rangi, maana mji ukipendeza mgeni huja, na mgeni akija mwenyeji hupona. Ila yatupasa tujue kwamba rangi huonekana siku ile ile ilipopakwa, bali boriti iliyooza ndani ya dari haionekani hata siku itakapokatika. Raia mwenye busara humwuliza mwakilishi wa wadi yake habari za boriti. Wadi hiyo ina jina lake hasa, Mji wa Kale/Makadara, na mwakilishi wake huchaguliwa na wakazi. Mlango wa kwanza ni huo.

Njiani twapishana na mikokoteni ya maji, kila mmoja umebeba madumu ya lita ishirini. Mgeni hushangaa: mji uliozungukwa na maji, na maji yauzwa kwa dumu! Lakini kisiwa hiki hakina mto. Wazee walikunywa maji ya visima, na visima vingine vingali katika nyua za misikiti. Maji matamu ya mabomba hutoka mbali: Marere katika vilima vya Shimba, Tiwi huko Kwale, Baricho upande wa Kilifi, na chemchemi za Mzima katika nchi ya Taita Taveta, ambazo tangu miaka ya 1950 zimeletwa hapa kwa bomba lenye urefu wa zaidi ya kilomita 200. Swali letu hapa lina majibu mawili. Wanaoyachota maji na kuyaleta ni shirika la serikali ya taifa. Wanaoyagawa nyumba kwa nyumba na kuleta hesabu ya mwezi ni kampuni ya kaunti. Basi bomba likikauka, kwanza uliza kama limekauka mtaa mmoja au mji mzima. Likikauka mtaa mmoja, ugonjwa uko kwa mgawaji. Likikauka mji mzima, huenda ugonjwa uko kwa mletaji, au mgawaji hakumlipa mletaji. Maulizo hayo mawili humwokolea mtu barua tatu. Tena msomaji wa Taita ambaye bomba lapita karibu na shamba lake, naye yuakosa maji, ana haki ya kuuliza swali hilo hilo kwa sauti kubwa kuliko sisi.

Tukitoka katika vichochoro twafika barabara ya Digo, mahali paitwapo Marikiti, soko lililojengwa mwaka wa 1914 likapewa jina la Sir William Mackinnon, mkubwa wa kampuni ya Waingereza iliyotawala pwani kabla ya serikali yao. Hapa pana bizari, pilipili manga, embe, ndimu na makelele. Soko ni la kaunti, halina mjadala. Ushuru wa meza, maji ya kuoshea sakafu, choo, taa na paa, yote ni kazi ya kaunti kwa Jedwali. Mkulima wa Kwale au Kilifi aletaye mboga hapa alfajiri ni mlipaji wa ushuru, na mlipaji ushuru ana haki ya kuuliza choo kilitengenezwa lini.

Kutoka Marikiti tukishuka kwa barabara ya Digo twafika karibu na Treasury Square, penye bustani na sanamu ya Allidina Visram, tajiri wa Kihindi ambaye maduka yake yalifika hata Uganda. Majengo ya eneo hilo ni ya zamani ya serikali, na baraza la mji lilifanya kazi zake huko. Yafaa tusimame kidogo kivulini tukumbuke baraza hilo lilitoka wapi.

Mwaka wa 1927 tume iliyoongozwa na Jaji Feetham ilitoa ripoti yake juu ya serikali za miji katika Kenya, na mwaka wa 1928 ikafuata sheria ya manispaa. Mombasa ikapata bodi yake, lakini viti havikugawanywa kwa hesabu ya vichwa. Wazungu, waliokuwa wachache, walipewa sauti kubwa. Wahindi wakapewa viti. Na Mwafrika aliyebeba magunia bandarini akabaki bila kura kwa miaka mingi. Matokeo yake yalionekana. Mwaka wa 1939 palikuwa na migomo, na serikali ikaunda tume kuchunguza hali ya wafanyakazi. Kisha tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 wa bandari, reli na kazi nyinginezo waliacha kazi, mji ukasimama karibu wiki mbili. Walikutana kila siku katika uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini, na katika viongozi wao alisifika Chege Kibachia. Walidai mishahara na nyumba. Laiti wangalikuwa na mlango wa kubisha, yamkini wasingalihitaji kiwanja.

Baada ya Uhuru madiwani walichaguliwa na wakazi wote. Hata hivyo meya alichaguliwa na madiwani wenyewe, si na raia, na juu ya baraza palikuwa na Waziri wa Serikali za Mitaa huko Nairobi, mwenye nguvu nyingi juu ya mambo yake. Diwani alipoulizwa kwa nini njia ni mbovu, alinyosha kidole Nairobi. Nairobi ilipoulizwa, ilinyosha kidole Mombasa. Hali hiyo ilikwisha kisheria mwaka wa 2013. Katika uchaguzi wa tarehe 4 Machi mwaka huo wakazi walimchagua gavana wao wenyewe, Hassan Ali Joho, na wawakilishi wa wadi 30. Mwaka wa 2022 akafuata Abdulswamad Shariff Nassir. Kaunti hupata mgao wa fedha za taifa kwa haki, wala si kwa hisani, maana Katiba imeweka kwamba kaunti zote kwa jumla zisipewe chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Vidole bado vipo, lakini sasa raia ana karatasi ya kuvipimia.

Na tuendelee na safari yetu kwa barabara ya Nyerere, tukiteremka kuelekea kusini hata kivuko cha Likoni. Hapa ndipo nilipotaka hasa kuwaleta wasomaji.

Mombasa ni kisiwa, na kisiwa huishi kwa vivuko vyake. Upande wa bara kuna Makupa. Upande wa Nyali palikuwa na daraja la kuelea tangu mwaka wa 1931, na aliyelivuka alilipa. Daraja kubwa la sasa likafunguliwa mwaka wa 1980, na mtu hulivuka bure. Lakini kusini, baina ya kisiwa na Likoni, hakuna daraja la kudumu. Tangu miaka ya 1930 watu wamevuka kwa feri. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni watu wapatao 300,000 kwa siku. Aendaye kwa miguu halipi, mwenye gari hulipa. Alfajiri huteremka makarani, mafundi, wauza samaki, wanafunzi na akina mama wenye vikapu, wote wamesongamana kwenye mteremko, huku meli kubwa ya kuingia Kilindini ikikatiza mbele yao, nao hungoja.

Watu wamekufa katika vivuko hivi. Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe, kivuko kilicho jirani na Likoni, ilipinduka karibu na ufuko ikiwa imepakia watu kupita kiasi, wakafa watu 272. Tarehe 29 Septemba 2019 gari liliteleza kutoka katika feri ya Likoni likazama na mama na binti yake ndani. Siku kumi na tatu zilipita kabla ya kuopolewa. Mwishoni mwa mwaka wa 2020 serikali ya taifa ilifungua daraja la kuelea la waendao kwa miguu, huko Liwatoni, ili kupunguza msongamano. Halikudumu miaka mitano. Barabara ya Dongo Kundu imewafaa wenye magari, kwa kuwa sasa gari laweza kutoka pwani ya kusini hata Miritini bila ya kukanyaga kisiwa. Lakini mama mwenye kikapu hendi Dongo Kundu. Yeye ni wa feri.

Je, feri ni ya nani? Muulize mtu yeyote kwenye mteremko, atakwambia, "Ya serikali," naye ana maana ya serikali ya taifa. Zamani palikuwa na shirika la taifa la feri, kisha kazi hiyo ikawekwa chini ya Mamlaka ya Bandari ya Kenya, ambayo nayo ni ya taifa. Sasa toa karatasi yako mfukoni. Soma sehemu ya pili ya Jedwali la Nne, panapoorodheshwa kazi za kaunti. Utaona barabara za kaunti, taa za njiani, uegeshaji wa magari, kisha utaona imeandikwa wazi: feri na bandari, isipokuwa usimamizi wa safari za meli za kitaifa na za kimataifa. Naam, feri. Miaka kumi baada ya kaunti kuanza, yaani mwaka wa 2023, feri za Likoni zilikuwa bado mikononi mwa shirika la taifa.

Wako wasemao kwamba ni sawa ibaki hivyo. Husema kwamba feri ni kiungo cha barabara kuu iendayo Lunga Lunga na Tanzania, kwamba mkondo ule ndio mlango wa meli za nchi nzima, na kwamba kaunti haina fedha za kununua na kutunza vyombo vikubwa kama vile. Si maneno ya kipuuzi. Wengine hujibu kwamba Katiba haikuandika feri kwa bahati mbaya, na kwamba mtu anayevuka kila siku angehudumiwa vizuri zaidi na yule anayeiomba kura yake. Nao pia wana hoja. Mimi sitaki kuwa hakimu kati yao. Ninachosema ni kwamba jambo lililo na wenyewe wawili lapaswa kusemwa mbele ya wote wawili, hadharani, likaamuliwa, na jibu likaandikwa. Maana siku ya msiba mwenye mamlaka hutafutwa, na iwapo hajulikani, waliofiwa huzunguka milango kama zile barua nilizozitaja.

Wala asiwepo wa kusema kwamba raia hana nguvu mbele ya mambo makubwa ya bandari. Mwaka wa 2019 ilitolewa amri kwamba mizigo ya kwenda bara isafirishwe kwa reli mpya, ambayo gari lake la abiria lilianza safari mwaka wa 2017. Madereva, makarani wa forodha, wenye magari na wenye vibanda vya chakula wakaona riziki yao inaondoka. Watu waliandamana mjini, na wengine wakaenda mahakamani. Mwaka wa 2020 Mahakama Kuu ya Mombasa iliibatilisha amri hiyo, ikasema kwamba wananchi hawakushirikishwa kama Katiba inavyotaka. Waliofungua kesi walijua mlango wao ni upi, wakabisha hapo.

Basi nini la kufanya kwa mtu wa kawaida, mkulima au karani, asiye na wakili wala gari? Kwanza, na alisome Jedwali la Nne, na asiyejua kusoma na asomewe barazani. Pili, na amjue mwakilishi wa wadi yake kwa jina na kwa sura, kwa maana huyo ndiye jirani wa mambo ya mfereji, soko na taa. Tatu, na ahudhurie mikutano ya makadirio ya fedha ya kaunti. Mikutano hiyo hutangazwa, lakini viti vingi hubaki vitupu, na kiti kitupu hakipigi kura wala hakiulizi swali. Nne, na ajue kwamba sheria ya serikali za kaunti ya mwaka wa 2012 yampa haki ya kupeleka maombi yake katika Bunge la Kaunti, Kifungu cha 119 cha Katiba champa haki kama hiyo mbele ya Bunge la taifa, na Kifungu cha 35 chamruhusu kudai habari zilizoko serikalini. Barua inayotaja kifungu haipotei upesi, kwa sababu karani anayeipokea huogopa kuitupa. Hayo nayasema kwa kuwa naijua kazi.

Mwisho, mkazi wa Mombasa na asichoke kutembea. Kisiwa hiki ni kidogo; mtu mzima aweza kwenda kutoka ngome hata feri kwa muda usiozidi saa moja, na njiani akapita mbele ya serikali zake zote mbili mara kadhaa. Atembeapo na aulize kila hatua: huu ni wa nani, hii ni ya nani, hiki ni cha nani? Akipata jibu na aliandike, kisha aipeleke barua yake mahali pake, akidai apewe tarehe ya majibu.